Imetumwa Sio Imefika: Meseji ya Biashara Inapopotea Njiani



Siku hizi biashara nyingi za pwani yetu huanza kwa meseji. Mvuvi akitia nanga, anamwandikia mchuuzi. Mwenye duka wa Mahurunga anamwandikia tajiri wa Mtwara mjini amletee unga na sabuni. Katibu wa chama cha msingi anawaandikia wakulima siku ya mnada wa korosho. Meseji ni rahisi, haina kelele, na inabaki imeandikwa. Kwetu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, ina faida nyingine: tunaisoma wenyewe. Hatumwiti tena mtoto wa jirani atusomee siri zetu za hela.

Lakini kuna siku meseji haifiki. Samaki wanaharibika, gari haliji, mkulima anakosa mnada. Tena ugomvi unaingia. Huyu anasema, "Nilikuandikia." Yule anasema, "Sikuona kitu." Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Katika makala hii tunaeleza meseji inapita wapi, inakwama wapi, na wewe ufanye nini ili uijue mahali ilipokwama.

MFANO WA MUUZA PWEZA

Hebu tuchukue mfano. Tuseme yupo mama mmoja Msimbati. Maji yakitoka, ananunua pweza kwa wavuvi na kumwuzia kijana mmoja mwenye mgahawa Mtwara mjini. Siku moja anapata pweza kilo 30. Anaandika meseji, anaituma. Simu inaandika: Imetumwa. Mama ananunua barafu, anakaa kusubiri.

Saa zinapita. Jua linazama. Kijana haji. Barafu inayeyuka. Kesho yake mama anawauza pweza kwa bei ya hasara. Tangu siku hiyo hataki kumwona yule kijana. Baada ya wiki mbili wanakutana stendi.

"Shikamoo mama. Mbona umenitupa? Siku hizi huniletei pweza."

"Marahaba baba. Mimi nimekutupa, au wewe? Nimekuandikia, hukuja wala hukujibu. Umenitia hasara."

"Mama, haki ya Mungu sijaona meseji yoyote."

"Usinifanye mtoto. Simu yangu imeandika imetumwa!"

Ndugu msomaji, nani mwongo hapa? Hakuna. Mama alituma kweli. Kijana hakuona kweli. Tutaona baadaye meseji ilikwama wapi. Kwanza tuijue njia yake.

SAFARI YA MESEJI

Wengi tunadhani meseji inaruka moja kwa moja kutoka simu hadi simu, kama mtu anayempungia mwenzake mkono. Sivyo. Meseji inasafiri kama mzigo unaotumwa kwa basi.

Ukitaka kumpelekea ndugu yako wa Nanyamba mzigo kutoka Mtwara, unampa konda. Konda anaupokea. Anaufikisha kwenye duka la stendi ya huko. Mwenye duka anauweka mpaka ndugu yako aje. Asipokuja, mwenye duka hawezi kuuweka miaka yote. Siku zikipita, anauondoa.

Meseji nayo iko hivyo hivyo. Ina hatua nne.

Hatua ya kwanza: simu yako inaitoa meseji na kuipeleka kwenye mnara ulio karibu.

Hatua ya pili: mnara unaipeleka kwenye kituo cha meseji cha kampuni ya laini yako. Kituo hiki ni kama lile duka la stendi. Kikishaipokea, kinairudishia simu yako jibu. Hapo ndipo simu yako inapoandika "Imetumwa".

Hatua ya tatu: kituo kinauliza, "Laini ya mpokeaji iko wapi sasa?" Kama iko hewani, meseji inapelekwa kwenye mnara ulio karibu naye. Kama simu yake imezimwa au haina mtandao, kituo kinaitunza meseji na kujaribu tena na tena. Kila kampuni ina muda wake wa kuitunza. Mara nyingi ni siku moja au siku chache. Muda ukiisha, meseji inafutwa.

Hatua ya nne: simu ya mpokeaji inaipokea na kuiweka.

Basi tazama vizuri. Neno "Imetumwa" linakuja baada ya hatua ya pili. Maana yake ni kwamba konda ameupokea mzigo. Halisemi kwamba ndugu yako ameupata. Hili ndilo jambo kubwa la makala yetu. Yule mama wa Msimbati alisoma "Imetumwa", akaelewa "Imefika". Hayo ni maneno mawili tofauti.

Simu nyingi zinaweza kukuambia pia kama meseji imefika. Fungua mipangilio ya meseji, utafute ripoti ya kufika kwa ujumbe, uiwashe. Baada ya hapo, mwenzako akipokea, simu yako itaonyesha kuwa imefika. Ukiona "Imetumwa" peke yake kwa saa nzima, jua mzigo huenda bado uko dukani.

ANZIA MKONONI MWAKO

Meseji isipofika, usianze kulaumu mteja wala kampuni. Anza na simu iliyo mkononi mwako. Fuata mambo haya moja moja.

1. Tazama mnara. Juu ya kioo cha simu kuna vijistari vya mtandao. Kama hakuna hata kimoja, meseji haijatoka. Sogea mahali palipo wazi au palipoinuka. Kila kijiji kinapajua mahali pake: kwenye mwembe fulani, au kwenye kichuguu nyuma ya shule. Ukishasogea, tuma tena. Kama vijistari vipo lakini meseji inakataa, zima simu, subiri kidogo, uiwashe. Simu itajiandikisha upya kwenye mnara.

2. Tazama salio. Je, una hela au kifurushi cha meseji? Kifurushi kina muda wake. Mtu anasema, "Jana nilikuwa na meseji mia." Jana sio leo. Tena kuna vifurushi vya meseji za mtandao mmoja tu. Mwenzako akiwa mtandao mwingine, meseji inakula salio la kawaida, na salio likiwa sifuri haiendi. Wala usihukumu mtandao wa mtu kwa tarakimu za mwanzo za namba yake. Tangu Machi 2017 mtu Tanzania anaweza kuhama kampuni na kubaki na namba yake ileile.

3. Tazama namba. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu 10, na inaanza na 06 au 07. Zihesabu kwa kidole. Zikiwa 9 au 11, umekosea. Zikiwa 10 lakini moja si sahihi, jambo ni baya zaidi: meseji yako inafika, ila kwa mtu asiyekuhusu. Ukipewa namba mpya, usiandike tu ukaenda zako. Ipigie palepale, simu ya mwenzako iite mbele yako. Hiyo ndiyo hakika.

4. Tazama namba ya kituo. Ndani ya mipangilio ya meseji kuna namba ya kile kituo tulichokieleza. Ikibadilishwa, labda watoto wamechezea simu, hakuna meseji itakayotoka, hata kama salio lipo na kupiga unapiga. Dalili ndiyo hiyo: unapiga vizuri lakini kila meseji inakataa. Usiibahatishe namba hiyo. Piga 100, huduma kwa wateja wa kampuni yako, wakutajie iliyo sahihi.

5. Tazama urefu. Meseji moja ya kawaida inabeba alama 160. Alama ni kila herufi, kila tarakimu, kila nukta, hata nafasi kati ya maneno. Ukizidisha, simu inaikata vipande na kila kipande kinahesabiwa kama meseji. Ukiwa na salio la meseji moja, vipande viwili haviendi. Tena kipande kimoja kinaweza kuchelewa njiani, na mpokeaji asiione habari nzima.

Ukitia vile vikatuni vya uso unaocheka au unaolia, meseji moja inabeba alama 70 tu badala ya 160. Hata alama ya "ng'" katika ng'ombe na ng'ambo yaweza kuleta jambo hilo. Simu nyingine huandika kialama chake kikiwa kimepinda, na kilichopinda hakimo katika zile herufi za kawaida za meseji. Ukiona meseji fupi inakula salio mara mbili, chunguza hapo.

Meseji ya biashara iwe fupi. Kwa mfano:

"Nina pweza kilo 30 hapa Msimbati. Bei ileile ya wiki jana. Njoo leo kabla ya saa 10. Jibu NAKUJA au SIJI."

Hiyo haifiki alama 120. Ina kitu, kiasi, mahali, bei, saa, na inadai jibu. Inatosha.

TUKIWA MPAKANI

Sisi tunaokaa kando ya mto Ruvuma tuna jambo letu ambalo watu wa Dodoma hawalijui. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na minara ya Msumbiji haijui mpaka. Mawimbi yake yanavuka mto bila pasi. Ukiwa Kilambo au Kitaya, simu yako yaweza kushika mnara wa ng'ambo.

Kwa kawaida simu hutafuta kwanza mnara wa kampuni yako. Ikiukosa, au ukiwa hafifu mno, ndipo inatafuta mwingine. Hapo mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, laini yako haijafunguliwa huduma ya kutumika nchi nyingine. Basi simu inabaki bila kazi, ingawa unaona jina la mtandao kwenye kioo. La pili, huduma hiyo imefunguliwa, nawe unatumia mtandao wa ng'ambo kwa bei ya juu. Salio linakwisha bila kujua limeliwa na nini.

Ufanye nini? Soma jina la mtandao lililoandikwa juu ya kioo. Ukiona jina usilolijua, ingia kwenye mipangilio ya mitandao, acha kuchagua kwa kujiendesha, uchague mwenyewe mtandao wako wa Tanzania. Ukisafiri mbali na mpaka, rudisha kama ilivyokuwa.

Jambo lingine ni namba ya nchi. Wengi wetu tuna ndugu na wateja pande zote mbili za mto. Namba ya Tanzania ni +255, na ya Msumbiji ni +258. Ukitunza namba ya Mtanzania kwa +255, ondoa ile 0 ya mwanzo, zibaki tarakimu 9. Namba iliyotunzwa hivyo ni salama ukiwa upande wowote. Na ukimwandikia mteja wa Palma bila kuweka +258, meseji yako haitajua kuvuka mto.

SIMU YA MPOKEAJI

Sasa tuseme upande wako uko sawa. Meseji imetoka, iko kwenye kituo. Inaweza kukwama kwa mpokeaji. Sababu ni hizi.

Simu imezimwa. Labda haina chaji, labda mwenyewe yuko baharini. Mvuvi aliyeko kisiwani hana mnara. Kama muda wa kutunza haujaisha, ataipata akirudi. Lakini habari ya pweza wa leo haina maana keshokutwa.

Sanduku la meseji limejaa. Simu ndogo za kitochi hutunza meseji chache, na nyingine huzitunza kwenye laini yenyewe, ambayo nafasi yake ni ndogo zaidi. Matangazo ya kampuni na ya michezo ya bahati nasibu yanaingia kila siku. Sanduku likijaa, meseji mpya haina pa kukaa. Inasubiri kituoni, muda unaisha, inafutwa.

Ndugu msomaji, hili ndilo lililompata yule kijana wa mgahawa katika mfano wetu. Siku ile alikuwa na simu ya kitochi. Kwenye kioo palikuwa na kibahasha kinachowaka na kuzimika, naye hakukijali. Simu ilikuwa inamwambia, "Nimejaa, nipunguzie." Matangazo hamsini yalikuwa yamekaa kwenye nafasi ya pweza kilo 30. Dawa yake ni ndogo: kila Ijumaa futa meseji usizozihitaji. Ila meseji za malipo usizifute kabla ya kuandika habari zake kwenye daftari.

Namba imezuiwa au imetupwa pembeni. Simu za tachi zina orodha ya namba zilizozuiwa. Mtoto akibonyeza vibaya, mteja wako anaingia humo, na wewe huoni meseji zake tena. Simu hizo zina pia chumba cha meseji zinazodhaniwa ni taka. Chungulia humo mara kwa mara.

Laini imefungwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tarehe 20 Januari 2020 ilikuwa siku ya mwisho. Baada ya hapo, laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Vilevile laini ikikaa miezi bila kutumika, kampuni huweza kuifunga, na baadaye namba ikagawiwa kwa mtu mwingine kabisa. Basi namba ya mteja uliyeandika kwenye daftari miaka mitatu iliyopita, ipigie kwanza kabla ya kuiandikia habari za hela. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, bonyeza *106# ufuate maelezo.

Meseji imepita njia ya intaneti. Baadhi ya simu za tachi hutuma meseji kwa intaneti bila kukuuliza, kama zinaona mwenzako naye anatumia intaneti. Data ya mwenzako ikiisha, meseji inaning'inia. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua itumwe kama meseji ya kawaida. Na kwa wanaotumia WhatsApp, tiki moja maana yake imetoka kwako, tiki mbili maana yake imefika kwenye simu ya mwenzako. Hata hiyo inahitaji data. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikasumbua sana Tanzania. Kwa jambo la haraka, usitegemee njia moja.

UKITUMA KWA WATU WENGI

Hapa tunasema na makatibu wa vyama vya msingi, vikoba na vikundi vya wavuvi.

Mkoa wa Mtwara ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani kwa korosho mwaka 2007. Korosho zinakusanywa kwenye vyama vya msingi, zinapelekwa ghalani, na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU vinaziingiza mnadani. Msimu ukianza, kwa kawaida mwezi Oktoba, habari ni nyingi: lini kupeleka mzigo, mnada uko wapi, bei imekuwa kiasi gani, hela zimeingia benki au bado. Mkulima asiyepata habari ni mkulima anayenyonywa kirahisi. Mlanguzi wa kangomba anamfuata nyumbani na bei ya kutupa, naye anauza kwa sababu hajui bei ya mnadani.

Katibu anataka kuwaandikia wanachama 200. Anachukua simu yake ya tachi, anachagua majina yote, anatuma mara moja. Nusu ya watu hawapati. Kwa nini?

Sababu ya kwanza: simu nyingi za tachi zikiona watu wengi pamoja, zinaigeuza meseji kuwa ya kundi, ile ya namna ya meseji za picha. Hiyo inahitaji data, na simu nyingi za kitochi haziwezi kuifungua. Ingia kwenye mipangilio, uchague kila mtu atumiwe meseji yake peke yake.

Sababu ya pili: laini ya mtu mmoja ikitoa mamia ya meseji zinazofanana kwa dakika chache, mtandao unaweza kuishuku kuwa ni ya tapeli na kuizuia. Tuma kwa mafungu ya watu kumi au ishirini, upumzike.

Sababu ya tatu: daftari la namba ni la zamani. Mwanachama amebadilisha laini hajasema. Kila mkutano mkuu, katibu asome namba kwa sauti, kila mtu aikubali au aisahihishe.

Chama kikubwa kinaweza kutumia kampuni zinazotuma meseji kwa wingi. Meseji hizo huja na jina la chama badala ya namba. Jina hilo halizidi herufi na tarakimu 11, na linapaswa kusajiliwa kwanza. Lakini jueni kwamba meseji inayokuja kwa jina haiwezi kujibiwa. Basi ndani yake andikeni namba ya katibu, ili mtu mwenye swali apate pa kuuliza.

HELA NI JAMBO LINGINE

Kuna meseji moja isiyotosha hata ikifika. Ni meseji ya malipo.

Mteja anasema, "Nimeshatuma hela." Wewe huoni meseji. Usimwite mwongo, na usimkabidhi mzigo. Fungua huduma ya hela kwenye simu yako, utazame salio. Mara nyingine hela imeingia na meseji ndiyo iliyochelewa.

Na kinyume chake kipo. Meseji inasema umepokea shilingi laki mbili, na salio halijaongezeka. Hiyo ni ya tapeli. Ameiandika yeye, kwa maneno yanayofanana na ya kampuni. Nyingine zinafuatiwa na simu: "Mama, nimekosea, nirudishie hela yangu." Usirudishe kitu. Usimtajie mtu namba yako ya siri, hata akisema anatoka kwenye kampuni. Meseji ya kitapeli itume kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa kazi ya kuripoti matapeli.

Sheria ya kukumbuka ni fupi: hela isomwe kwenye salio, isisomwe kwenye meseji.

HATUA YA TANO

Tulisema safari ya meseji ina hatua nne. Kusema kweli ipo ya tano, na hiyo haina mnara. Ni kutoka kwenye simu hadi kwenye kichwa cha mtu.

Simu moja nyumbani inatumiwa na baba, mama na watoto. Meseji ya baba inafunguliwa na mtoto, haionekani tena kuwa mpya, baba hajui. Au mzee ana simu yake mwenyewe lakini hajui kusoma. Meseji ya mnada imefika, imekaa mfukoni mwake, naye anaikalia. Mtandao umefanya kazi yake yote, na habari haijafika.

Kwa hiyo, ukijua mwenzako hasomi, mpigie. Ukikosa salio, mwandikie jirani yake anayesoma, umwombe amfikishie kwa mdomo. Na wewe uliyemaliza masomo yako ya watu wazima, una deni. Mzee wa jirani akikuletea simu yake, msomee taratibu, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, na yaliyomo uyaache palepale. Kisha umwambie, "Babu, darasa lipo. Njoo ujisomee mwenyewe."

Si biashara tu. Tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, watu wa pwani ya Mtwara nao walitakiwa kuhamia sehemu salama. Habari ya namna ile ikikwama kwenye simu iliyojaa matangazo, hasara yake haihesabiki kwa kilo za pweza.

TUFANYE HIVI

Kwa kifupi, meseji yako isipojibiwa:

Kwanza, tazama mnara, salio, namba na urefu.

Pili, jitumie meseji mwenyewe kwenye namba yako. Ikirudi, simu yako na kituo ni vizima.

Tatu, mwandikie mtu mwingine. Kwake ikifika, tatizo liko kwa yule wa kwanza au kwenye namba yake.

Nne, mpigie mpokeaji. Mwulize kama sanduku limejaa, kama simu ilizimwa, kama amekuzuia bila kujua.

Tano, kama watu wengi wa kijiji hawapati meseji kwa wakati mmoja, mnara una hitilafu. Pigeni 100, mtaje kijiji, kata na saa tatizo lilipoanza. Atakayepiga aandike siku na saa aliyopiga.

Sita, jambo la hela au la kitu kinachooza lisimalizwe kwa meseji isiyojibiwa. Wekeaneni ahadi mapema: "Nisipopata jibu lako kwa saa moja, nakupigia. Nisipokupata, namwuzia mwingine, na tusilaumiane."

Yule mama wa Msimbati na yule kijana wangefanya ahadi hiyo, pweza wangefika mjini, au wangepata mnunuzi mwingine kabla barafu haijayeyuka.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kuna tofauti gani kati ya "Imetumwa" na "Imefika"?

2. Katika kijiji chenu, mahali pa kupata mtandao vizuri ni wapi? Je, wageni na wazee wanapajua?

3. Kila mmoja afungue simu yake sasa. Ina meseji ngapi? Zipi ni za kufuta, na zipi ni za kuandika kwenye daftari?

4. Andikeni meseji ya kumwita mnunuzi wa samaki au wa korosho. Isizidi alama 160. Mpeane msomeane. Je, mwenzako ameelewa kitu, kiasi, mahali, bei na saa?

5. Ni nani katika kikundi chenu asiyesoma meseji zake mwenyewe? Mtamsaidiaje?